Mtunzi wa Pili: Misemo na Mishororo ya Nyimbo Mikononi mwa Marafiki

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili msemo umekuwa kama yatima. Kila mtu anakiri kwamba ni wa watu wote, na kwa sababu hiyo hapana anayejishughulisha kuuliza ni nani aliyeusema mara ya mwisho, alimwambia nani, na aliyeambiwa alijibu nini. W. E. Taylor alipochapisha mkusanyo wake wa methali za Waswahili mwaka 1891, aliweka methali, akaifasiri kwa Kiingereza, akaongeza maelezo. S. S. Farsi naye akatoa misemo ya Unguja mwaka 1958. Albert Scheven akaja na mkusanyo mkubwa zaidi mwaka 1981, akazipanga methali kwa mada. Hizi ni kazi za maana, wala si adabu kuzibeza. Mwalimu wa Kiswahili asiyezitegemea ni nadra kuonekana. Hata hivyo zote zimesimama juu ya dhana moja ambayo haijahojiwa vya kutosha, nayo ni kwamba maana ya msemo imo ndani ya msemo wenyewe, mithili ya kokwa ndani ya tunda, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kulipasua tunda na kuitoa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha upungufu wa dhana hiyo kwa kuitazama desturi moja: jinsi marafiki, hasa wanawake wa miji ya pwani, wanavyopokezana maneno ya busara na ya mzaha ambayo wao wenyewe hawakuyatunga, yaani methali, majina ya leso na mishororo ya nyimbo za taarab. Hoja ni kwamba anayeteua maneno ya kuazima na kumpelekea mwenzake anafanya kazi ya utunzi, na kwamba mhakiki anayemwacha nje mtu huyu anahakiki nusu ya matini.

Mfano mdogo wafaa kutangulizwa. Na iwe kwamba mwanamke ameugua, na rafiki yake amemuuguza mwezi mzima, akimpikia na kumlelea watoto. Alipopona alikwenda dukani akamnunulia muuguzi wake leso yenye jina “Wema hauozi”. Hapa maneno ni shukrani. Sasa hali na igeuzwe: yule aliyeuguza ndiye anayeinunua leso hiyo na kumpelekea aliyeuguzwa, miezi sita baada ya huyo kuacha hata kumjulia hali. Silabi hazikubadilika, na kitambaa ni cha kiwanda kilekile. Lakini ya kwanza ni shukrani na ya pili ni lawama. Iko na hali ya tatu. Muuguzi hampelekei mtu chochote, bali anajifunga leso hiyo mwenyewe siku ya harusi, na kupita nayo mbele ya wote wanaoijua habari. Lawama imekuwa ya hadharani, na bado hapana aliyetukanwa. Mkusanyaji atauweka msemo huu chini ya kichwa “Wema”, na hatakuwa amekosea. Ila atakuwa ameziweka shukrani, lawama na fedheha katika kapu moja bila ya kujua.

Yafaa kuongeza kwamba maneno haya mara nyingi huwa na watu watatu, si wawili. Mwenye kumpa shoga yake leso iliyoandikwa “Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki” anamsifu mpokeaji. Lakini yupo mwingine ambaye hakupewa, ambaye atamwona mpokeaji ameivaa, na ambaye pengine ndiye hasa aliyekusudiwa. Mpokeaji amefanywa tarishi bila ya kuombwa ruhusa. Ikiwa ana akili, na aghalabu huwa nayo, atajua, na atachagua kuivaa au kuikunja na kuiweka sandukuni. Uamuzi huo nao ni sehemu ya usemi.

Pingamizi inayotarajiwa ni kwamba haya si fasihi bali ni elimujamii: maneno yalikwisha tungwa, na anayeyatumia ni mtumiaji tu. Pingamizi hii inatokana na kipimo cha upya, kipimo ambacho wanafunzi wengi wa fasihi walirudi nacho kutoka vyuo vya ng'ambo, kinachodai kwamba mtunzi ni yule aliyesema ambalo halijasemwa. Kipimo hicho kina mahali pake. Lakini ushairi wa Kiswahili una kipimo kingine cha kale zaidi, na ni ajabu kwamba wanaokisomesha kila mwaka katika somo la arudhi hawakifikishi mtaani. Kipimo hicho ni takhmisi. Mtungaji wa takhmisi huchukua mishororo miwili ya mwenzake aliyemtangulia, akaitanguliza kwa mishororo mitatu yake mwenyewe, akivilinganisha vina vyake na mshororo wa kwanza kati ya ile miwili, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo, ambayo hunasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, imejengwa hivyo juu ya maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Hapana mhakiki aliyewahi kusema kwamba Sayyid Abdalla ni mtumiaji tu. Husifiwa kwa sababu aliyaandalia maneno ya mwingine njia ya kupita, hata yalipofika mwisho wa ubeti yakasikika kama kwamba yalikuwa yakimngojea yeye.

Anayemnunulia rafiki yake leso anafanya takhmisi ambayo mishororo yake mitatu haikuandikwa. Mishororo hiyo ni maradhi yale, mwezi ule wa kuuguza, ukimya ule wa miezi sita. Jina la leso linakuja mwisho, kama mishororo miwili ya kuazima, na uzuri wake unategemea jinsi linavyokamata kina na yaliyotangulia.

Mahali ambapo kazi hii huonekana waziwazi ni katika taarab. Kila aliyehudhuria harusi ya pwani anajua kutuza. Mwimbaji anaimba; katikati ya wimbo mwanamke anainuka, anakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, noti mkononi, anaipunga hewani kabla ya kuitoa. Mgeni hudhani kwamba anamlipa mwimbaji kwa sauti nzuri, na huenda ikawa hivyo. Lakini wenyeji wanatazama mambo mengine: ameinuka mshororo gani ukiimbwa, amepita karibu na kiti cha nani, mkono wake umeelekea wapi, na ni marafiki gani waliomfuata kumuunga mkono. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kilichotokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa Tanga, ameeleza kwa kirefu jinsi kutuza kunavyoyahamisha maneno ya wimbo kutoka kwa mwimbaji na kuyatia katika ugomvi au mapenzi ya msikilizaji. Maelezo yake yanatosha kulithibitisha jambo hili kwa upande wa ugomvi. Lililosalia, na ambalo watafiti wameligusia kwa haraka, ni wale marafiki wanaoinuka pamoja. Mwanamke mmoja akituza peke yake, anasema. Wanne wakiinuka kwa mshororo mmoja, wametia saini: habari ya mwenzao wanaijua, maneno wameyakubali, na anayetaka kujibu ajue kwamba atawajibu wote. Hakuna hati ya urafiki iliyo wazi kuliko hiyo, na imeandikwa kwa maneno ya mtunzi ambaye pengine hakuwako ukumbini.

Historia ya taarab yenyewe inaunga mkono usomaji huu. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950 na ambaye sahani zake za santuri zilianza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba nyimbo nyingi zilizotokana na visa vilivyojulikana Unguja. Laura Fair alipowahoji wazee wa Ng'ambo kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 2001, nyimbo hazikuja peke yake. Zilikuja na visa vyake, nani alifanya nini na nani aliambiwa. Kwa wazee hao, wimbo na kisa vilikuwa kitu kimoja. Na lililo muhimu zaidi ni kwamba nyimbo hizo hazikufa visa vyake vilipochakaa. Zilipata visa vipya, kwa kuwa kila kizazi kilikuwa na hakimu wake asiye haki na tajiri wake asiye haya.

Ama kuhusu leso, ambayo Unguja na bara Tanzania huitwa kanga, mengi yamekwisha andikwa, na hapa yatosha kukumbusha machache. Huuzwa kwa doti, yaani pande mbili. Kila upande una pindo kuzunguka, mji katikati, na maneno yaliyoandikwa sehemu ya chini ya mji. Maneno hayo zamani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Lugha yenyewe imeyapa hadhi ambayo wataalamu wamechelewa kuyapa: hayaitwi maandishi wala pambo, huitwa jina. Mnunuzi katika maduka ya Biashara Street, Mombasa, huweza kuyapita maua mazuri na rangi za kupendeza akatafuta jina. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997, alionyesha kwamba majina haya humpa mwanamke sauti mahali ambapo kusema wazi kungemletea lawama, na Rose Marie Beck, katika utafiti uliochapishwa kwa Kijerumani mwaka 2001, aliufanya utata wa maneno hayo kuwa kiini cha uchambuzi wake: mvaaji anaweza kusema, kisha akakana kwamba amesema. Ameulizwa; akajibu kwamba ameipenda rangi.

Hoja hizo ni sahihi, lakini zimeegemea mno upande wa vijembe. Msomaji wa tafiti hizi angeweza kudhani kwamba wanawake wa pwani hawana jambo jingine la kufanya na maneno isipokuwa kuchomana. Katika ugomvi, utata wa msemo ni ngao. Katika urafiki utata huohuo ni mlango, na hapo ndipo penye uzuri ambao haujaelezwa. Doti ikikatwa, upande mmoja ukabaki kwa mnunuzi na wa pili ukaenda kwa shoga yake, jina moja linavaliwa katika nyumba mbili. Mpita njia analisoma sawasawa popote alionapo. Wawili hao peke yao ndio wanaojua kwa nini lilichaguliwa, na pengine kisa chenyewe ni cha kuchekesha wala hakistahili maneno mazito kama hayo. Msemo wa wasia umefanywa mzaha, na mzaha huo hauonekani kwa yeyote asiyekuwako.

Mazungumzo ya kawaida yanalithibitisha hili kwa namna nyepesi zaidi. Ni desturi ya wasemaji wa Kiswahili kuikata methali katikati. Mzee akisema “Haba na haba”, watoto wataitikia “hujaza kibaba”, kama darasani. Huo ni utaratibu wa kufundishia, na kila mtu anaujua. Baina ya marafiki, nusu ya pili haisemwi kabisa. Mmoja anasema “Shukrani ya punda”, ananyamaza, na mwenzake anaangua kicheko, maana punda anayehusika anamjua kwa jina. Kadhalika katika nyimbo: mmoja anaanza kuimba kwa sauti ya chini maneno mawili ya mwanzo wa kiitikio, na mwenzake anamwomba anyamaze kwa kuwa mgeni yu karibu. Nusu isiyosemwa ndiyo mali ya pamoja. Ucheshi umo katika nusu hiyo, na ndiyo ambayo haiwezi kuandikwa katika mkusanyo wowote, kwa sababu kamusi itaandika “ni mateke” na kudhani kwamba imekamilisha.

Hapa yafaa kuingia kidogo katika sarufi, maana haitoshi kusema kwamba maana imo katika matumizi, kana kwamba maneno yoyote yangefaa. Si kila mshororo mzuri unaazimika. Yapo mashairi bora ambayo hapana anayempelekea mwenzake, na ipo mishororo ya watunzi wa kawaida iliyozunguka pwani nzima. Sababu moja ni ya kisarufi. Kiswahili kina njia nyingi za kuacha kiti cha mtenda bila ya mtu. Kiambishi cha njeo “hu-” hakichukui kiambishi cha nafsi: “hujaza”, “hufunzwa” havimtaji mimi, wewe wala yeye. Urejeshi wa namna ya “asiye-” na “-aye” unamwelezea mtu kwa tendo lake bila ya kumtaja. Methali “Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu” inazo njia zote mbili, na kwa hiyo kiti kimoja kimeachwa wazi mara mbili. Tena nafsi ya tatu katika Kiswahili haimpambanui mwanamume na mwanamke. Lawama ya mume, wifi au shoga inaweza kukaa katika kiambishi kimoja, “a-”. Sentensi za “ni” zisizo na kitenzi kingine, kama ile ya punda, hazina hata wakati: haijulikani kama mateke yamekwisha pigwa au yangali yanakuja. Mshororo wenye viti vitupu vya namna hii unamkaribisha mtunzi wa pili. Mshororo uliojaa majina, mahali na tarehe unaweza kuwa na nguvu kubwa, lakini umekwisha kaliwa.

Kwa kipimo hiki inawezekana kuutazama upya mjadala juu ya mipasho. Katika miaka ya 1990, taarab ya kisasa iliposhika nguvu Tanzania na makundi kama Tanzania One Theatre na Muungano yalipokuwa yakishindana kwa sauti za Khadija Kopa na Nasma Khamis, wahakiki wengi walilalamika kwamba fumbo limekufa na kwamba matusi yamechukua mahali pake. Lalamiko hilo lina ukweli wake, ila limetumia kipimo kisichofaa, yaani heshima. Wimbo wa kale wenye adabu zote ungeweza kuua kuliko tusi. Swali linalofaa ni kama maneno yameacha kiti kitupu. Kwa kiasi kikubwa mipasho ilikiacha: ilimwambia “wewe” pasipo kumtaja, na kwa hiyo maelfu ya watu wasiojua lolote juu ya ushindani wa waimbaji hao waliyachukua maneno na kuyapeleka kwa majirani zao. Pale iliposhindwa, ilishindwa kwa sababu nyingine: ilieleza kupita kiasi. Haikuwaachia marafiki nusu ya kunyamazia. Wanapoambiwa yote, wanacho cha kushangilia, lakini hawana cha kukamilisha.

Simu za mkononi hazikuleta desturi mpya katika jambo hili. WhatsApp ina mahali ambapo mtu huweka maneno yakaonekana na wote anaowasiliana nao kwa muda wa saa 24, kisha yakatoweka. Maneno yamewekwa kwa wote na yamekusudiwa mmoja; akiulizwa, mwenyewe husema kwamba ameupenda wimbo. Hiyo ni leso isiyo na kitambaa. Tofauti iliyopo ni ya gharama. Leso hununuliwa kwa fedha, hukaa miaka, huchujuka rangi mwilini mwa aliyepewa, na inapofikia kubebea mtoto au kufutia vyombo jina bado linasomeka. Maneno ya simu hayamgharimu anayeyatuma, na yumkini ndiyo sababu yanatumwa mengi bila ya kuteuliwa kwa makini. Mwenye kupokea methali kumi kila asubuhi hajapokea hata moja.

Mambo haya yana athari kwa ukusanyaji. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa kati ya 1776 na 1840, yalikaa vinywani mwa watu kwa miongo mingi kabla ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya na kumsaidia Taylor kuyapata kwa maandishi. Hichens aliyachapisha mwaka 1940, na M. H. Abdulaziz akayatoa tena mwaka 1979 pamoja na habari za Mombasa ya Wamazrui, vita vyake na majibizano yake. Anayezisoma beti hizo bila ya habari hizo huona mafumbo matupu. Anayezisoma pamoja nazo humsikia mtu akimjibu mtu. Abdulaziz hakuhesabiwa kuwa ametoka nje ya fasihi alipofanya hivyo. Jina la leso na mshororo uliotuzwa vinastahili utaratibu huohuo. Kadi ya mkusanyaji isiwe na msemo na tafsiri tu. Iwe na mahali pa kuandikia aliyeuteua, aliyepelekewa, aliyeuona, lililotangulia na jibu lililofuata, likiwamo jibu la kunyamaza.

Utaratibu huo hautakuwa mwepesi, na ugumu wake mkubwa si wa fedha wala wa vyombo vya kunasia sauti. Mwanamke akiulizwa na mtafiti maana ya leso aliyopewa na shoga yake, atatoa maana ya kamusi, tena kwa upole na kikombe cha chai. Hajadanganya. Ametoa nusu inayotolewa kwa wageni. Nusu ya pili si yake peke yake hata aitoe, na mwenye nayo mwingine yuko mtaa wa pili. Mtafiti akibahatika kuwapata wote wawili katika baraza moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba watatazamana, watacheka, kisha mmoja wao atauliza kama chai imezidi sukari. Hilo nalo ni jibu, na kadi iwe na nafasi ya kuliandika.